Kwa nini moto wa meko ya umeme hupauka mchana

Julai, baridi ikiwa imekaza, dada yangu mkubwa anayeishi Limuru alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amekasirika. Amenunua meko ya umeme, fundi ameifungia ukutani chini ya televisheni, kazi imetoka safi. Saa tisa alasiri akaiwasha ili mama aote. "Nimeuziwa picha," akasema. "Kwenye tangazo moto unawaka kama wa kuni za mkaratusi. Hapa kwangu umepauka kama chai iliyozidi maji." Kesho yake alitaka kuing'oa airudishe dukani.

Nilimwomba anipigie simu ya video, aizungushe kamera sebuleni taratibu. Taa sita za darini zilikuwa zinawaka, zote nyeupe pe. Mkabala na meko kulikuwa na dirisha pana, pazia limefunguliwa. Sakafu ya vigae vinavyong'aa, kuta nyeupe. Meko yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Malalamiko ya namna hii nimeyasikia kwa watu wengi tangu vifaa hivi viingie kwenye nyumba zetu za nyanda za baridi. Yanamsumbua mnunuzi, yanamsumbua muuzaji, na mara nyingi pesa za mtu zinapotea kwa kurudisha kitu kisicho na kasoro. Kwa hiyo nataka tulifungue jambo hili polepole.

Tuanze na kifaa chenyewe. Meko ya umeme ni kisanduku chenye kioo mbele, na ndani yake kuna mitambo miwili isiyotegemeana. Wa kwanza ni hita: nyaya zinazopata moto na feni inayosukuma hewa ya joto itoke. Wa pili ni taa zinazotengeneza sura ya moto. Unaweza kuwasha huu ukazima ule. Hakuna kinachoungua, kwa hiyo hakuna majivu, hakuna moshi, wala haitoi ile hewa ya sumu ambayo jiko la mkaa hutoa likiwekwa kwenye chumba kilichofungwa.

Sura ya moto inapatikanaje? Kwenye meko nyingi, chini kabisa kuna taa ndogo za LED. Mbele yake kuna mhimili mwembamba unaozungushwa na mota, umebandikwa vibati vinavyong'aa. Taa ikipiga vile vibati, mwanga unaruka hadi kwenye kiwambo kilicho nyuma ya magogo ya bandia. Kwa kuwa mhimili hautulii, mwanga unapanda, unakatika, unapanda tena. Hiyo ndiyo miali unayoiona. Zamani kule Uingereza walifanya jambo hilohilo kwa balbu nyekundu na kifeni chepesi cha bati juu yake: hewa ya moto ya balbu ilipanda, ikakizungusha kifeni, vivuli vikacheza juu ya makaa ya bandia. Siku hizi zipo pia meko zinazotumia ukungu wa maji unaomulikwa kutoka chini, na nyingine ni skrini ya video tu.

Ukishaelewa hapo umeelewa sehemu kubwa. Meko ya umeme inachora moto kwa mwanga, na karatasi inayochorwa juu yake ni giza la ndani ya kile kisanduku. Giza hilo likiharibika, mchoro umeharibika.

Kuna kitu tunakiona sana mashambani. Choma magugu saa sita mchana, jua la utosi. Unauona moshi, unaiona hewa ikitetemeka, lakini mwali wenyewe huuoni vizuri. Wapo waliochomwa miguu na moto ambao hawakuuona. Subiri saa moja usiku, rundo lile lile, na pengine moto umeshapungua nguvu, utaliona jekundu kutoka ng'ambo ya bonde. Moto haujaongezeka. Kilichobadilika ni mwanga unaouzunguka.

Na huo ni moto halisi, ambao una mwangaza mkali. Mwali wa mshumaa tu, ukiupima kwenye uso wake, unang'aa mara makumi kuliko sehemu nyeupe ya skrini ya televisheni ya kawaida. Ndiyo maana moto wa kuni unaonekana hata taa za sebule zikiwaka: una akiba. Meko ya umeme haina akiba hiyo.

Tufanye hesabu ndogo, kwa namba za kubuni zilizo rahisi. Tuseme sehemu angavu ya mwali wa meko ina mwangaza wa 100, na sehemu nyeusi nyuma yake ina 1. Mwali umezidi giza mara mia, jicho linauona unaruka. Sasa washa taa za chumba. Mwanga wake unaingia kisandukuni, unapiga kiwambo na magogo, unarudi machoni mwako. Tuseme unaongeza 20 kila mahali. Mwali unakuwa 120, giza linakuwa 21. Mwali haujapungua hata kidogo, tena umeongezeka, lakini sasa umelizidi giza chini ya mara sita. Hapo ndipo dada aliposema umepauka.

Kutoka hapo utaona kwa nini kile kitufe cha kuongeza mwangaza kwenye rimoti huwa hakitoshi. Ukiongeza mwangaza wa meko maradufu, mwali unakuwa 200 na weusi wake 2, kwa kuwa taa ile ile ya ndani ndiyo inayovuja pande zote. Ongeza ile 20 ya chumba: 220 kwa 22. Mara kumi. Sasa acha meko kama ilivyokuwa, punguza taa za chumba nusu: 110 kwa 11. Mara kumi vilevile. Na ukizima taa za darini ukabakiza taa moja ya pembeni, tuseme 20 imeshuka hadi 2, unapata 102 kwa 3, yaani mara thelathini na nne. Swichi ya ukutani ina nguvu kuliko rimoti.

Baridi yetu ina mwanga

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wetu wengi hawalisemi. Vifaa hivi vilizoeleka kwanza katika nchi ambazo baridi na giza huja pamoja. London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu akirudi kazini saa kumi na moja, nje ni usiku. Anawasha meko yake, chumba tayari kina giza, moto unapendeza bila yeye kufanya chochote.

Limuru, au Nairobi, au kule Njombe na Makete, hali ni nyingine. Sisi tuko karibu na ikweta. Julai jua la Nairobi huzama saa kumi na mbili na nusu na ushee, karibu sawa na Januari. Baridi yetu ni ya mawingu na manyunyu, inakaa mchana kutwa, na mtu anataka kuota saa nne asubuhi wakati nje kumetanda mwanga mweupe. Mwanga wa siku ya mawingu hutudanganya kwa sababu hauumi macho, lakini ni mwingi mno.

Wataalamu hupima mwanga unaoangukia mahali kwa kipimo kinachoitwa luksi. Mshumaa mmoja, ukiwa mita moja mbele yako, unakupa kama luksi moja. Sebule yenye taa za kawaida usiku huwa na kama luksi mia, zaidi au pungufu. Karibu na dirisha mchana wa mawingu ni mamia kadhaa hadi elfu na zaidi. Nje kwenye jua kali ni kama laki moja. Jicho halitupi habari hizi, kwa kuwa mboni inajifungua na kujibana, kutoka kama milimita 8 hadi 2, na sehemu ya ndani ya jicho pamoja na ubongo zinarekebisha yaliyobaki. Kwa hiyo dada yangu alipokuwa akilalamika kwamba "nyumba yenyewe ina giza, hakuna jua," macho yake yalikuwa yamezoea mwanga ulio mara nyingi zaidi ya ule wa tangazo.

Na picha ya tangazo yenyewe mara nyingi hupigwa chumbani kwenye mwanga hafifu, kamera ikiachwa wazi kwa muda ili ikusanye miali mingi kwa pamoja. Miali inalainika na kujaa. Siiti ulaghai, ila mnunuzi anastahili kuambiwa kwamba alichokiona ni saa mbili usiku.

Kioo

Tatizo la dada lilikuwa na nusu ya pili, na hii ndiyo wengi hawaioni hata wakiwa wameketi mbele yake. Kioo cha mbele hakipitishi mwanga wote. Kila uso wa kioo cha kawaida hurudisha kama asilimia 4, na kwa kuwa kioo kina uso wa mbele na wa nyuma, jumla ni kama asilimia 8. Ni kidogo, hadi uweke dirisha mkabala. Anga la mawingu linaloonekana dirishani laweza kung'aa mara kumi au zaidi ya miali ya meko. Chukua asilimia 8 ya mng'aro huo, na tayari taswira ya dirisha kwenye kioo inashindana na moto wenyewe. Unatazama meko, unaona fremu ya dirisha, mti wa jirani, na kwa mbali kitu cha rangi ya chungwa kinachezacheza.

Mwanga unaoruka kwenye kioo hufuata kanuni ile ya mpira unaodundishwa ukutani: unaingia kwa pembe fulani, unatoka kwa pembe hiyo hiyo upande wa pili. Ndiyo maana mtu aliyeketi kushoto anaona dirisha na aliyeketi kulia anaona moto safi, wakabishana. Wote wawili wanasema kweli.

Taa za darini zilizopangwa karibu na ukuta, pale pale juu ya meko, zina ubaya wake. Hazionekani sana kwenye kioo, lakini zinamwaga mwanga kutoka juu moja kwa moja kwenye magogo. Magogo hayo yamepakwa rangi kwa ustadi ili yaonekane yana kaa kwa ndani. Yakimulikwa kutoka juu kwa nguvu, unaona plastiki na brashi ya mpaka rangi. Moto halisi humulika kuni zake kutoka chini na kutoka katikati. Macho yetu yanajua hilo hata kama hatujawahi kulisema. Kwa nyumba inayojengwa, ombi langu kwa fundi wa stima ni moja tu: safu ya taa iliyo karibu na ukuta wa meko ipewe swichi yake peke yake. Gharama yake ni waya kidogo na kitufe kimoja.

Rangi ya mwanga

Balbu nazo zina rangi, ingawa zote tunaziita nyeupe. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini, namba iliyoandikwa kwenye boksi la balbu. Inachanganya kwa sababu namba ndogo ndiyo rangi ya moto zaidi: mwali wa mshumaa ni kama 1,900, balbu ile ya zamani ya waya ilikuwa kama 2,700, na balbu nyeupe yenye ubuluu kidogo iliyojaa madukani kwetu ni 6,500. Watu wengi huchukua ya 6,500 kwa kuwa inaonekana kali na safi. Kwa jikoni na kwa mtoto anayefanya kazi ya shule, sawa. Mbele ya meko inaleta shida.

Macho yaliyozoea mwanga wa 6,500 huona miali ya meko ikiwa ya rangi ya chungwa iliyokolea kupita kiasi, kama sharubati ya dukani. Chumba kizima kinakuwa na rangi moja, kisanduku kina yake, na macho yanakataa kuamini kwamba vinahusiana. Weka balbu ya 2,700 kwenye taa ya mezani na kuta zinachukua rangi ya manjano ya kandili. Sasa moto unaonekana kama ndio unaoipa sebule rangi yake. Hata wale wanaopenda vitaa vya ukanda vya buluu na zambarau kwenye dari ya jipsamu, wavizime kwa saa moja wajaribu. Buluu kando ya chungwa huifanya chungwa ipige kelele. Inavutia kwenye saluni, lakini haifanani na moto wowote niliowahi kuota.

Kwa hiyo tuzime taa zote? Wengi wakielewa hesabu ile ya juu hukimbilia hapo, na wanajuta. Kwenye giza totoro kasoro zote za kifaa hujitokeza: unaanza kuona miali ileile ikijirudia kila baada ya sekunde kadhaa, unaona ukingo wa kiwambo, unaona mwanga ukivuja pembeni mwa fremu. Macho yakishakaa gizani dakika ishirini au thelathini yamekuwa makali sana, hayasamehe. Tena moto wa kuni hauachi chumba kikiwa na giza. Unamulika nyuso, unatupa vivuli ukutani. Meko nyingi za umeme hazina nguvu ya kufanya hivyo, na kisanduku kinabaki kinaelea peke yake kama skrini ya simu chini ya blanketi.

Kinachofaa ni taa moja au mbili za chini, za rangi ya joto, zikiwa pembeni au nyuma ya viti, zisionane na kioo. Zinaufanyia ukuta ile kazi ambayo moto halisi ungeifanya. Kama kuna wazee nyumbani hili si suala la urembo tu. Mboni ya mtu mzee haifunguki kama ya kijana, mwanga unaomfikia ndani ya jicho ni mdogo. Chumba ambacho wewe unakiona cha kupendeza, yeye anakiona giza na anaweza kujikwaa kwenye zulia. Tulimwekea mama taa fupi kando ya kiti chake, yenye kifuniko cha kitambaa, na sasa anaona njia ya kwenda chumbani bila kushika ukuta.

Televisheni nayo ni taa. Ikiwa juu ya meko na mwangaza wake umepandishwa hadi mwisho kama ilivyotoka dukani, macho yanajipima kwa televisheni na moto unabaki kivuli. Ipunguze usiku.

Kuna mambo matatu ninayoulizwa kila mara. La kwanza, kwamba moto ukionekana hafifu joto nalo ni hafifu. Hapana. Hita ya wati 2,000 hutoa wati 2,000 za joto hata miali ikizimwa kabisa, na hula yuniti mbili za stima kwa saa ikiwaka mfululizo. Taa za miali kwenye meko za LED zinakula kidogo sana, kama balbu chache. La pili, kwamba ikipauka mchana ni feki. Feki zipo, lakini kupauka si ushahidi; iwashe saa mbili usiku taa zikiwa zimepunguzwa ndipo uihukumu. Ikiwa hapo pia miali imekatika upande mmoja au haisogei, basi taa imeungua au mota imekwama, na una haki ya kurudi dukani.

La tatu ni kuhusu zile za ukungu, ambazo watu huambiwa zinaonekana sawa popote. Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyo hewani, na matone huchukua rangi ya mwanga wowote unaoyapiga. Yakimulikwa na taa ya chungwa kutoka chini, ni moto. Yakimulikwa na taa nyeupe ya darini, ni mvuke wa sufuria. Katika mwanga mkali aina hii hupoteza zaidi, ingawa kwenye mwanga hafifu sijaona inayoifikia.

Dada hakuirudisha. Alifunga pazia zito, akazima safu ya mbele, akabadilisha balbu mbili. Mchana bado haipendezi sana, na nilimwambia ukweli: mchana itumie kama hita, miali izime.

Kwa ambaye hajanunua, au fundi hajatoboa ukuta, lipo jaribio lisilogharimu chochote. Chukua kioo cha kujitazamia, mwenzio akishike ukutani pale meko itakapokaa, kwa kimo hichohicho, kikiwa kimenyooka na ukuta. Wewe keti kwenye kiti chako cha kila siku. Fanya hivyo saa tisa alasiri, kisha urudie usiku taa zikiwa zinawaka. Ukiona dirisha au balbu ndani ya kile kioo, hapo ndipo vitakapokaa juu ya moto wako. Msogeze mwenzio hatua moja kushoto, moja kulia, mpaka kioo kioneshe ukuta mtupu, halafu uweke alama ya penseli.